Gari lililokufa litoe piesi, lisirudishwe barabarani kwa siri

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, gari jipya kutoka kiwandani ni la mashirika makubwa, la serkali na la matajiri wachache. Raia wa kawaida anaendesha okazioni. Mwalimu wa Butembo, mlimaji wa kakao wa Beni, mama muuza vitenge wa Bunia, dereva wa taksi wa Lubumbashi, wote wananunua gari ambalo mtu mwingine alikwisha kulitumia kwa miaka mingi mbali na hapa. Hakuna aibu ndani yake. Bila okazioni, chakula hakitoki mashambani, mgonjwa hafiki hospitalini usiku, na vijana wengi hawana kazi.

Lakini katika garaji za miji hiyo kuna kazi mbili ambazo mara nyingi zinafanyika kwenye uwanja mmoja, na raia wanazichanganya. Ya kwanza ni kubomoa gari lililokufa kwa ajali ili piesi zake zisaidie magari mengine. Ya pili ni kuunga vipande vya magari mawili ao matatu, kupiga rangi, kisha kumuuzia mtu asiyejua kitu kama gari zima. Kazi ya kwanza ni ya heshima na inapaswa kulindwa. Ya pili inakula akiba ya familia, na wakati mwingine inakula watu. Viongozi wa miji, polisi wa barabara na mafundi wenyewe wanapaswa kuzitenga hizi mbili, tena bila kukawia.

Magari haya yanatoka mbali. Lile la Butembo mara nyingi linanunuliwa Japani ao Falme za Kiarabu, linashuka Mombasa, linakatiza Kenya na Uganda hadi Mpondwe, linaingia Kasindi, kisha linapanda Beni. Lile la Lubumbashi linashuka Dar es Salaam na kupita Zambia hadi Kasumbalesa. Japani, gari la kawaida linapita kontroli ya lazima miaka 3 baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila miaka 2. Kontroli hiyo ni ya garama, ndiyo maana watu wengi kule wanaachana na gari likiwa bado na nguvu. Ripoti ya shirika la Umoja wa Mataifa linalohusika na mazingira, iliyotoka mwaka 2020, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani ziliuza inje magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko bara lingine lote.

Kumbe bei rahisi ina sababu nzuri, na pia ina sababu mbaya. Sababu nzuri ni hiyo ya kontroli. Sababu mbaya ni kwamba kati ya magari hayo kuna yaliyopata ajali, kuna yaliyozama katika maji, na kuna yaliyokatwa vipande ili yaletwe kama piesi, kisha yanaungwa upya yakifika. Kwenye minada ya Japani, kila gari linapewa karatasi ya hali yake. Gari lililogongwa na kutengenezwa linaandikwa herufi R ao RA. Karatasi hiyo ipo siku ya mnada, lakini ikifika kwa komisionere wa Butembo inakuwa imepotea njiani. Anayenunua gari lililotoka Japani ana haki ya kuuliza karatasi hiyo iko wapi. Muuzaji akikasirika kwa swali kama hilo, heri kumwachia gari lake.

Mizoga ya hapa hapa ina hadithi nyingine. Katika nchi ambako wenye magari wanalipa asiransi ya kila kitu, gari likiharibika kabisa kampuni inamlipa mwenyewe, inachukua mzoga, na karatasi zake zinatiwa alama ili kila mtu ajue. Hapa, wengi wanalipa ile asiransi ya lazima tu, yenye kulipia madhara ya mtu mwingine. Gari likikunjika kwenye kona, mwenyewe anabaki na mzoga, na mara nyingi anabaki na deni. Anauza kwa bei yoyote ili apate kitu cha kulipa hospitali. Hakuna ofisi inayoandika kwamba gari lile limekufa. Plake inabaki, karte roze inabaki, namba ya shasi inabaki. Kwa serkali, gari lile bado liko hai.

Kwa upande wa Beni kuna uchungu zaidi. Kwenye barabara ya kitaifa namba 4, kati ya Beni na Komanda, magari mengi yamechomwa moto katika mashambulizi ya waasi wa ADF, na watu wamekufa ndani yake. Mzoga wa gari la namna hiyo ni mali ya familia iliyo katika kilio. Lakini unaweza kufunguliwa na kumalizwa vipande kabla mjane hajajua nani wa kumwuliza. Tena chuma kilichopita katika moto mkali hakina tena nguvu yake. Mtu anayetoa mkono wa volani ao springi kwenye gari lililoungua na kuuuza kama okazioni, anamwuzia mwenzake ajali nyingine.

Hata hivyo, mtu asitupe mtoto pamoja na maji ya kuogea. Mzoga una faida kubwa ukitumiwa vizuri. Sababu moja ya Toyota kutawala barabara hizi ni kwamba piesi za gari moja zinaingia katika lingine. Motere ya 1NZ-FE, yenye lita 1,5, inapatikana katika Probox, katika IST, katika Corolla nyingi za miaka ya 2000 na katika Vitz kadhaa. Mtu mwenye Probox iliyochoka motere anaweza kununua IST iliyokunjika nyuma, akatoa motere, alternateri, radiateri na vitu vingine vidogo, kisha akauza milango, vioo na rimu kwa wengine. Akihesabu vizuri, piesi alizojiwekea zinaweza kumfikia karibu bure. Fundi mzuri anajua hesabu hiyo kwa kichwa. Kabla ya kununua mzoga, anatazama namba ya motere, anatazama upande uliogongwa, na anauliza kama motere iliendelea kuzunguka bila maji ao bila mafuta baada ya ajali. Gari lililogongwa nyuma linatoa motere nzuri. Lililogongwa mbele linatoa milango ya nyuma, viti, ekseli ya nyuma na kioo cha nyuma. Lililopinduka linaweza kutoa motere, lakini ni lazima kujua ilibaki ikiwaka kwa muda gani miguu ikiwa juu.

Kuna piesi ambazo mtu anaweza kuzichukua kwenye mzoga bila hofu kubwa: milango, bone, parishoki, viti, rimu zisizopinda, alternateri, demarere, motere na bwati ya vitesi vilivyojaribiwa. Na kuna ambazo hazipaswi kuuzwa tena kwa mtu yeyote. Mkanda wa kiti uliomkamata mtu siku ya ajali umekwisha kufanya kazi yake, nyuzi zake zimevutika. Mfuko wa hewa uliotolewa kwenye mzoga ni hatari mikononi mwa fundi na mbele ya kifua cha dereva. Kampuni ya Takata ya Japani ilifilisika mwaka 2017 kwa sababu ya mifuko ya hewa iliyopasuka na kurusha vipande vya chuma, hasa ile iliyokaa miaka mingi katika joto na unyevu. Magari ya miaka hiyo ndiyo yanayofika hapa sasa. Plaketi za freni, mipira ya freni, vichwa vya volani na tairi zilizozeeka, vyote hivyo vinaonekana vya bei rahisi mpaka siku gari liko kwenye mteremko likiwa limejaa watu na mizigo.

Tairi ina cheti chake juu ya ubavu. Namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT zinaonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016. Tairi inaweza kuwa na meno marefu na bado ikawa mzee iliyokauka. Kusoma namba hizo hakuombi shule kubwa, na mtu yeyote anaweza kufanya hivyo mbele ya muuzaji.

Taa pia zinasahauliwa. Japani, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia watu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara. Congo inaendesha upande wa kuume. Taa ya gari la Japani imetengenezwa kutupa mwanga wake mbali upande wa kushoto, kule kwenye miti ya kando. Ikiletwa hapa bila kubadilishwa, mwanga ule unaingia moja kwa moja katika macho ya anayekuja mbele. Kila dereva wa usiku kati ya Butembo na Lubero anajua maumivu hayo, lakini wengi wanafikiri ni ubaya wa dereva mwingine. Tena dereva aliyekaa upande wa kuume haoni mbele ya lori analotaka kupita, ni lazima abiria wa kushoto amwambie. Na mlango wa abiria wa taksi ndogo unafunguka katikati ya barabara, pale pikipiki zinapita.

Namna ya kulitambua gari lililofufuliwa si siri ya mafundi peke yao. Mnunuzi anatazama nafasi kati ya mlango na mlango, kati ya bone na taa. Ikiwa upande mmoja ni nyembamba na mwingine ni pana, gari limepinda. Anainua zulia la ndani na kutafuta udongo mkavu, anatazama vichwa vya bulo za viti kama vina kutu, ananusa kama kuna harufu ya ukungu. Hizo ni dalili za gari lililozama. Anatazama chini ya gari kama kuna mistari ya kuchomelea kwenye shasi, hasa mahali pa kukatia gari katikati. Anafungua kifuniko cha mafuta ya motere, akikuta povu lenye rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yameingia katika mafuta. Anawasha motere ikiwa ya baridi, si baada ya komisionere kuiwasha mapema na kuipasha moto. Moshi wa buluu ni mafuta ya motere yanayoungua. Moshi mweupe usiokwisha na wenye harufu tamu ni maji ya radiateri. Moshi mweusi ni esansi inayozidi. Mwishowe analinganisha namba ya shasi iliyo kwenye chuma na ile ya karte roze, herufi moja baada ya nyingine. Ikiwa chuma kimesuguliwa kuzunguka namba, mazungumzo yamekwisha hapo.

Hesabu nayo inafundisha. Chukua mfano wa mtu mwenye kuchagua kati ya magari mawili ya aina moja. La kwanza ni dola 4 500, limetazamwa na fundi asiyemjua muuzaji. La pili ni dola 2 800, linang'aa kuliko la kwanza. Anachukua la pili. Bwati ya vitesi inamwomba dola 600, amortisere na freni 350, tairi 200, radiateri na joanti ya motere 300. Gari linakaa garaji siku 40, na kama lingemletea dola 15 kwa siku, amepoteza zingine 600. Jumla ni dola 4 850, na bado ana gari lililopinda. Ndivyo bei rahisi inavyogeuka kuwa deni. Wengi wanaoanguka katika mtego huu walikopa katika likelemba ao walimchukulia shangazi shamba lake kama rehani. Si mtu mmoja tu anayeumia, bali ukoo.

Kuna pia usalama wa mji. Gari lililokufa lenye karatasi nzuri ni nguo ya kuvika gari la wizi. Mwizi anachukua gari zima Bunia ao hata ngambo ya mpaka, anatafuta mzoga wa aina ile ile, anahamisha plake na namba ya shasi, kisha anauza. Mnunuzi anayekamatwa baadaye na gari hilo analala kashoti, naye hakujua kitu. Ikiwa mzoga ungefutwa katika vitabu siku unapouzwa, nguo hiyo isingekuwako.

Serkali ya Kinshasa haikukaa kimya. Mwaka 2012 ilitoa amri yenye kuwekea mpaka umri wa magari ya okazioni yanayoingia nchini, na baadaye ikataka kukomesha magari yenye volani upande wa kuume. Majirani nao wana sheria zao. Kenya haikubali gari lenye kuzidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 inakataza kuingiza yenye kuzidi miaka 15. Lakini amri iliyoandikwa Kinshasa inafika Kasindi na Kasumbalesa ikiwa imechoka. Kwa kuwa bandari za karibu ni za nchi zinazoendesha kushoto, na kwa kuwa mkaaji hana feza za gari jipya, katazo linageuka kuwa bei nyingine ya kulipa kwenye kizuizi. Gari linaingia tu, ila linaingia likiwa na hofu, na mwenyewe anajifunza kuficha badala ya kuonyesha.

Ndiyo sababu dawa inapaswa kuanza na mizoga, sio na umri. Umeri wa Butembo, kama vile wa Beni, wa Bunia na wa Lubumbashi, unaweza kufungua kitabu kimoja rahisi. Kila gari lililokufa linalouzwa kwa kubomolewa, namba yake ya shasi inaandikwa, plake inarudishwa, karte roze inatobolewa, na kipande cha shasi chenye namba kinakatwa mbele ya mashahidi. Polisi wa barabara, division ya usafirishaji na tume ya kitaifa ya kuzuia ajali za barabarani, CNPR, wapate nakala. Muuzaji wa piesi aandike kwenye karatasi yake gari ambalo piesi ilitoka. Gari likirudishwa barabarani baada ya kuungwa, liandikwe wazi kwamba liliungwa, na lipite kontroli ya kweli ya freni, volani na shasi kabla ya kubeba abiria. Wafanya biashara walio katika FEC wanaweza kuwa wa kwanza kukubali jambo hilo, kwa sababu muuzaji mwaminifu ndiye anayepoteza wateja wakati mwongo anauza kwa nusu ya bei.

Mafundi watasema, na wana sababu, kwamba kila kitabu kipya cha serkali ni mlango mpya wa kuombwa feza. Wamechoshwa na taksi zisizo na jina, na kila mtu mwenye kofia anakuja garaji kuomba kinywaji. Wengine watasema kwamba vijana wanaobomoa magari kando ya barabara hawana kazi nyingine, na kwamba katika eneo lenye vita kuwafukuza ni kuwasukuma porini. Yote mawili ni kweli. Basi kitabu hicho kiwe bure, bila taksi hata franga moja, na kikae pale ambapo chama cha mafundi kinaweza kukiona. Asiyelipishwa kwa kusema kweli hana sababu ya kudanganya. Na kijana aliyezoea kubomoa ndiye mwenye ujuzi wa kwanza. Akifundishwa kumwaga mafuta machafu katika bido badala ya kuyaacha yateremke hadi mto Kimemi, kuweka bateri mbali na watoto, na kutenga piesi za kuua na piesi za kusaidia, atakuwa na kazi yenye jina.

Mnunuzi naye asingojee serkali. Aende na fundi wake, siye wa komisionere. Aende asubuhi, siku isiyo na mvua, na alitazame gari likiwa kavu na baridi. Aandikishe karatasi ya kuuziana yenye namba ya shasi, majina ya mashahidi na maneno ya wazi kama gari lilipata ajali. Akiambiwa, «Papa, usisumbuke, hili ni la kuwasha na kuenda», ajibu kwa heshima kwamba atawasha kesho, pamoja na fundi. Gari zima halikatai kungoja siku moja.

Barabara ya Kasindi, Beni na Butembo, ambayo kazi zake za kuweka lami zilianza mwishoni mwa mwaka 2021, itafanya magari yakimbie zaidi kuliko zamani. Kwenye mashimo, shasi iliyopinda ilimchelewesha mtu. Kwenye lami, itamuua. Umeri wa Butembo na ule wa Beni hauhitaji sheria mpya kutoka Kinshasa ili kuanza kuandika mizoga. Unahitaji kitabu, mhuri, na mtu mmoja mwaminifu wa kukishika.